Darini, Mkomani

Nikienda polepole naziona aibu zangu zote:
goti la kushoto latetema,
kisigino chaitafuta sakafu
kama mtu apapasaye swichi umeme ukikatika.

Kwa haraka sikosei kitu.
Mikono yapepea, mwili wayaruka makosa
kama punda wa Lali arukavyo mfereji,
na shangazi, akianua nguo, husema, "Umeiva!"

Sijaiva. Kasi ni mtandio tu.

Kirumbizi nilifunzwa na baba, bakora kwa bakora,
zumari likitusukuma nyuma.
Hakuna aliyeniambia: haya, sasa bila zumari,
ulete pigo lako
kwa mwendo wa kivuli ukutani.

Tai chi nimeianza na mvi, baada ya upasuaji.

Leo nimerudia zoezi lilelile mara tatu.
La kwanza likaisha birika halijachemka.
La pili, nilianza na adhana, nikamaliza nayo.
La tatu sikulipima.
Niliinua mguu.
Chini kichochoroni mtu akapita,
akakohoa, akabisha hodi kwa Mwana Esha,
akafunguliwa, akaulizwa habari za nyumbani,
na mguu bado sijautua.