Hatua ya Kwanza ni Nyuma

Baba alirudi kutoka kiwanda cha ngozi
akinuka chumvi, chokaa, na ng'ombe wa watu.
Mama alimtengea maji nyuma ya nyumba,
Kivumbini, mlango wa nne kutoka bombani,
na Kefa, kaka yangu, alikaa karibu na zile buti
akizinusa kama mtu asomaye barua.

Ndiyo maana siku mwalimu Mjapani alipofungua begi
akamwaga glavu kumi na mbili nyasini,
wenzake waligombania gongo.
Kefa alitia uso ndani ya glavu.
"Hii naijua," akasema.

Wakampeleka kushoto, mbali, karibu na reli,
wanakowekwa wasiofaa kitu.
Upepo wa Menengai ukishuka saa tisa
hubeba vumbi, mifuko, na mpira usio na mwenyewe.
Huko alijifunza jambo moja, akanifundisha
jioni nikimrushia viazi vilivyooza:
ukisikia mlio wa gongo, usikimbilie mbele.
Hatua ya kwanza ni nyuma.
Mbele utarudi tu. Ukipitwa kichwani
utauokota mpira huku dunia inakutazama mgongo.

Miaka ishirini na miwili, alitia sahihi
karatasi asizoweza kuzisoma.
Besiboli ya kulipwa, ligi ndogo, mji wa bandari,
mshahara wa kulisha mtu mmoja na nusu.
Hiyo nusu alitutumia.
Kila mara kumi alizoshika gongo
alirudi benchi karibu nane,
nami niliambiwa hiyo si aibu sana.
Lakini kule nje, kushoto, kilichoanguka ni mvua tu.
Amugune, jina letu, walilikata vipande vinne
kwa mwandiko wao. Nikayakariri yale maumbo
nipate kulitambua kwenye simu.

Baba alikata roho Jumanne saa tano asubuhi.
Kule ilikuwa jioni, wananyoosha misuli.
Mama akanishika mkono:
"Usimpigie. Mwache amalize zamu.
Baba yenu hakuwahi kuiacha yake katikati."

Nikakaa kwenye ngazi za hospitali,
chaji asilimia kumi na tisa,
nikiyatazama maumbo manne.
Awamu ya tatu. Ya tano. Muuza karanga akaniuliza
kama ni kamari. Nikamwambia ndiyo.
Ya nane, maandishi yakatokea:
mpira wa juu, kushoto, umedakwa.
Hilo tu. Sijui aliruka au alisimama.
Dunia nzima ni mimi peke yangu
niliyekuwa na habari zote mbili.

Nilipompigia alinyamaza
hadi nikadhani salio limekwisha.
Kisha akauliza, "Buti ziko wapi?"

Nauli ilikuwa mshahara wa miezi mitano.
Tulimzika baba Vihiga bila yeye.
Msimu uliofuata, akirudi nyuma, nyuma, nyuma,
alikutana na ukuta wa uwanja. Bega likavunjika.
Mpira, wanasema, ulibaki glavuni.
Mkataba haukubaki.

Sasa anapanga ngozi kiwandani, meza ileile.
Mabaki anaruhusiwa kuyachukua.
Usiku anakata, anatoboa, anashona,
na nyumba inanuka baba.

Jumamosi iliyopita nilipitia uwanjani.
Kivulana kimoja kikapiga mpira ukapaa,
na kabla hata sijainua macho
mguu wa Kefa ulikuwa umeshasogea nyuma,
wenyewe, pale pembeni, mfukoni ana mikono.

Kasichana ka kushoto kakakimbia mbele.
Mpira ukakapita, ukadunda hadi relini.
Watoto wakacheka. Kefa hakucheka, hakukemea.
Alimwendea mama wa mboga kando ya ua,
akamwomba viazi ambavyo hataviuza.