Robo Mzunguko

Nati ya mwisho ilianguka kwenye nyasi za Arboretamu.
Tukapiga magoti wote sita,
tukiipapasa kwenye umande, kabla ya jua.

Siku tisa tumelikunja tao la mianzi,
siku tisa mvua ya Nairobi ikitukunja sisi.
Mutisya na timazi yake: "Limelala vidole viwili."
Halake: "Vidole vya nani?"
Tukacheka, tukalifungua, tukalifunga upya
kwa katani iliyotuchuna viganja.

Leo watapita chini yake wenye tiketi,
watapiga picha,
watauliza choo kiko wapi.
Jumatatu tutalibomoa.
Hilo hakuna aliyelitamka.

Nati ikaonekana ndani ya kiatu cha Kwamboka.
Akaikaza, robo mzunguko tu,
akashusha spana, akasema polepole:
"Chozi."

Tukamtazama usoni.
Macho makavu.
Kidole chake kilikuwa juu:
ndege mdogo, kijani cha shaba,
ameshatia mdomo kwenye shubiri tuliyoipanda jana,
gundi haijakauka,
lango halijafunguliwa,
hakumuuliza mtu.

Mutisya akatupa kisogo,
akajifanya anakunja kamba.