Rudisheni Mwiba

Mara ya kwanza nilipokanyaga makumbusho haya ya Tanga
nilisomewa ukuta.
Mjukuu wangu alisoma mbiombio, tumbo likimnguruma:
"Hapa bibi kuna picha. Hapa kuna picha nyingine.
Hapa wameandika usiguse."
Mlinzi akalirudia neno lile kwa kelele,
kana kwamba mimi ni kiziwi.
Nikatoka na harufu ya vumbi na ya mafuta yake ya nywele;
ndiyo historia niliyopewa siku ile.

Macho hayana pazia, husema watu.
Yangu yanayo. Limeteremshwa tangu nina miaka tisa.

Safari hii wameniita wao.
Bwana Kaoneka, mkuu wa nyumba
(jina la ukoo wake hilo, si mimi niliyembandika),
kanipokea mlangoni, kanipa kiwiko chake
badala ya kunikamata mkono kama mwizi wa kuku.
Sakafuni wamelaza kamba; unyayo unaifuata
kama mtoto anavyofuata ukingo wa kitanda gizani.
"Shika," akasema. "Kila kilicho mezani ni chako."

Nikashika.
Taruma la reli, lina kovu la nyundo ubavuni.
Kengele ya shamba: niliigonga kwa ukucha tu,
ikajibu kidogo,
na alfajiri nzima ya utotoni ikanikaa kwenye meno.
Singa. Lo, singa!
Hiyo sihitaji kusomewa. Miaka arobaini
nasuka vifuta miguu vya milango ya watu.
Nikamwambia Bwana Kaoneka: hii si daraja la kwanza
kama ulivyotangaza. Ni fupi, ina magamba,
ilianikwa ikanyeshewa.
Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Kibao cha nukta nundu sikukiweza.
Enzi zangu hakuna aliyeona haja ya kunifundisha.
Hidaya wa darasa la nne, naye haoni,
akanisogeza kidogo, akapitisha vidole
upesi kama anachambua mchele,
akacheka mpaka akapaliwa:
"Wameandika mkoge! N imeanguka!"
Tukacheka sote, hata mlinzi,
yuleyule, mafuta yaleyale.

Halafu jani.
Jani zima la mkonge, refu kuliko mkono wangu,
nene pale linapoanzia, baridi kama ubavu wa samaki.
Nikalipanda kwa kiganja, polepole,
nikijua linakoelekea,
na vidole, vyenyewe, vikapunguza mwendo.
Nikafika mwisho.
Butu.
Laini kama kitako cha kijiko.

"Tuliukata mwiba," akasema Kaoneka kwa upole,
"tukapiga msasa. Kwa usalama wenu."

Usalama wetu.

Nilikuwa nampelekea baba chai kule Ngomeni.
Kifuniko cha chupa kikaanguka kati ya mistari ya mkonge,
nikainama kukiokota.
Basi. Haizidi hapo.
Jicho la kulia lilikwenda siku ile;
la kushoto, daktari alisema, lilimhurumia mwenzake,
likamfuata kabla ya Ramadhani.
Baba akakatwa ujira wa siku
kwa matita yasiyotimia.

Nanyi leo mnanipa jani lisilo na hatia.

Bwana Kaoneka, nashukuru kwa kamba ya sakafuni,
na kwa kiwiko, na hata kwa mkoge.
Lakini rudisheni mwiba.
Andikeni kando yake, kwa wino na kwa nukta:
taratibu, huu unachoma.
Atakayegusa aguse kwa adabu,
kama tunavyogusa sisi kila kitu.

Mlinzi akakohoa. Kalamu haikukwaruza.
Hidaya ndiye aliyeuliza:
"Ulikuwa mrefu kiasi gani, bibi?"

Nikamshika kidole chake cha mwisho,
nikabonyeza toka shina la ukucha
mpaka nchani.
"Hivi tu," nikamwambia.
"Hivi tu."