Katibu wa Nyuki

Walinipa ukatibu kwa sababu nilichelewa.
Vyeo vyote vya maana vilikwisha gawanywa:
Gašper mwenyekiti, Zala mweka hazina,
na Blaž, ambaye baba yake ana gari, mambo ya safari.
Likabaki daftari. Nikabaki mimi.

Mwaka ule sikuwa mtu wa kutumwa kitu kikafika.
Fizikia nilipata mbili katika tano,
na pembeni, kwa wino wa kijani:
*Unajua, ila humalizi.*

Mizinga yetu iko nyuma ya ukumbi wa mazoezi,
kumi na miwili, imepangwa kama vitabu rafuni,
kila mmoja na mlango uliopakwa rangi
na wanafunzi waliokwisha kwenda zao:
jogoo mwenye viatu, mwalimu mwenye masikio ya punda,
na mzinga wa saba, dubu anayecheza kinanda.

Kazi yangu, kila jioni baada ya masomo:
kuvuta kibao chini ya mzinga,
kuinama na tochi, kuhesabu utitiri ulioanguka,
vidoa vya hudhurungi, vidogo kuliko kichwa cha pini.
Nne. Saba. Sita. Kumi na moja.
Tarehe, hali ya hewa, sahihi.
Hakuna aliyeniambia kwamba hilo nalo ni somo.

Kisha mwezi wa kumi. Ukungu ukapanda kutoka mto Sava,
mvua ikaipiga Kranj kama inayodai deni,
nami nikabaki chumbani, blanketi mabegani,
nikajaza daftari kutoka kitandani.
Tano, niliandika. Nne. Tano. Sita.
Namba zilizonawa uso, zenye adabu zake.

Machi tulifungua.
Mzinga wa kwanza ukanguruma, wa pili ukanguruma.
Wa saba ulikuwa kimya, na sakafuni pake
konzi mbili za nyuki, wepesi kama maganda ya karanga.

Mwalimu Bernarda hakufoka. Afadhali angefoka.
Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema:
"Katibu, tusomee."

Nikasoma. Septemba yote, kwa sauti.
Nilipofika tarehe tisa Oktoba, ulimi ukagoma.
"Kuanzia hapa," nikasema, "nilitunga."

Blaž akavua glavu, akaivaa tena.
Zala, aliyeuza mishumaa ya nta sokoni
hadi vidole vikafa ganzi, ili tununue dawa,
alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji bandia.
Gašper hakuniuliza kwa nini.
Aliniuliza: "Siku ngapi?"
"Tisa."
"Basi zifute, uandike *haijulikani*. Mara tisa."

Niliandika. Jaribu siku moja:
neno hilo hilo, mara tisa, mbele ya watu,
mkono ukijua kila herufi inakoelekea.

Mei, maabara ya fizikia, mimi na Neža na pendulo.
Kitabu kinataka tisa nukta nane.
Sisi tukapata tisa nukta moja.
"Isogeze kidogo," Neža akanong'ona, "nani atajua?"
Nikamwona dubu na kinanda chake.
Nikaandika tisa nukta moja, na chini yake, ukurasa mzima:
uzi unanyooka, saa ya mkononi inachelewa,
jicho langu linapenda kubonyeza kabla ya wakati.
Tukarudia mara ishirini. Neža alinichukia hadi saa kumi.

Wino wa kijani ulirudi na nne,
na pembeni hapakuandikwa kitu.
Nimelitazama pengo hilo mara nyingi kuliko sifa yoyote.

Mama huwaambia majirani ni miwani mipya.
Baba anasema nimekua.
Sibishani nao. Sijui kuieleza vizuri:
kwamba kuna mzinga mtupu ndani ya alama zangu,
na kila ninapotaka kudanganya, ninasikia ulivyo kimya.

Septemba alikuja mvulana wa mwaka wa kwanza, Anže,
amechelewa, nywele zinachuruzika maji.
Vyeo vilikwisha gawanywa.
Nilimpa daftari na tochi.
Sikumwonyesha ule ukurasa.
Ataufikia.