Pembe ya Nne

Juu ya bahasha baba ameandika kwa penseli:
Ibra, uani kwa Bi Ghaniya. Watu kumi na tisa.
Nikahesabu. Kumi na wanane.
Nikahesabu tena kwa ncha ya sindano,
wazee vitini, watoto mkekani,
kumi na wanane, na pembe zote nne zimeingia kiza,
kama mtu anayechungulia kisima.

Kosa si la baba. Negativu yake ni pana kama kiganja,
inchi nne kwa tano, haikuacha kitu.
Kosa ni la lenzi niliyoikuta kwenye mashine ya kukuzia,
milimita themanini, ya filamu ndogo,
ya pasipoti na harusi za haraka.
Kawa la kisahani halifuniki sinia.

Dukani kwa Varghese, Ruwi, nyuma ya fundi saa,
zilikaa mbili juu ya kitambaa cha miwani.
Moja mia na thelathini na tano: safi, haina doa,
imekaa kwa adabu kama mchumba aliyeletwa kuonwa.
Ya pili mia na hamsini. Ina mkwaruzo
mfano wa unywele ulioangukia maziwa,
na ni ghali zaidi, bila haya.
"Dari yako fupi," akasema Varghese. "Chukua ya kwanza,
utapata picha kubwa."

Nikaigeuza ya pili kwenye mwanga wa mlango.
Husemwa macho hayana pazia.
Hili linalo: mabawa membamba ya chuma,
ukizungusha pete yanajikunja,
tundu linabaki punje ya mtama.
Nikamwachia bataka yangu, nikaondoka nazo zote mbili
kwa usiku mmoja.

Chumba changu cha giza ni choo cha wageni, Al Khoudh.
Agosti, bomba la baridi linaunguza;
la moto, tulilolizimia umeme tangu Mei,
ndilo lenye maji ya kuvumilika.
Hata hivyo nikatia barafu pembeni ya sinia la dawa,
nikafungia mlango kwa khanga, chini, penye ufa.

Ya kwanza ilifika pembeni kwa kuchuchumia.
Katikati wembe, ndevu za babu unywele kwa unywele;
pembe ya nne, karibu na mfereji,
kitu. Mtungi? Kivuli cha mlango?
Nikabana tundu mpaka mwisho. Bado mtungi.

Ya pili ilitaka nafasi. Nikapandisha kichwa cha mashine
hadi kikagonga dari,
na picha ikagoma kuzidi ukubwa wa daftari.
Basi na iwe daftari.
Nikabana alama mbili tu, nikahesabu sekunde ishirini na mbili
kwa sauti, jasho likinidondoka kidevuni,
nikaizamisha karatasi.

Chini ya taa nyekundu kwanza hutoka vyeusi:
buibui, macho, mlango wa nyuma.
Kisha mkeka. Kisha, pale pembeni, mguu mmoja
umenyanyuka juu ya mfereji,
pindo la gauni, mkono,
na pale pa uso, ukungu.
Alikuwa anageuka.
Hakuna lenzi, ya Varghese wala ya mfalme,
inayomrudisha mtu aliyekwisha geuka.

Mkwaruzo sikuuona popote.

Asubuhi nikampelekea mama, bado imejikunja kwa unyevu.
Akaivutia dirishani, akavua miwani, akaivaa.
"Huyu Shamsa," akasema. "Mdogo wangu.
Alikuwa anamkimbilia mbuzi. Hakutulia tangu azaliwe."
Kidole chake kikakaa pale juu ya ukungu,
muda mrefu kuliko sekunde ishirini na mbili.

Halafu akauliza, hakunitazama:
"Na hicho kioo, umekitolea rial ngapi?"

Nikamtajia nusu.