Ritifaa

Mahuta, Oktoba, kipindi cha nne.
Harufu ya mabibo yaliyochacha inaingia dirishani
bila kupiga hodi.
Kidato cha Kwanza B wana vidole vilivyobabuka
kwa mafuta ya maganda ya korosho;
wanashika kalamu kama mtu anavyoshika sufuria ya moto.

Nimeandika ubaoni: the boy's sack.
Gunia la mvulana. Mvulana mmoja,
labda yule wa nyuma anayesinzia.
Kisha nikafuta kile kijikia cha chaki,
nikakihamisha hatua moja tu, nyuma ya s:
the boys' sack.
Gunia ni lilelile. Halikuongezeka hata kilo.
Lakini sasa wenyewe ni wengi,
na jioni nyumbani kwao patakuwa na maneno.

"Mwalimu, hiyo si ndiyo ya ng'ombe?" akauliza Chilinda.
Ndiyo hiyo. Ritifaa.
Kwetu hukaa puani, ina sauti na ina kazi:
iondoe kwenye ng'oa ubaki na ngoa,
ulikuwa unakwenda kung'oa kisiki
umeishia kulia wivu wa shamba la jirani.
Kwao haitamkwi kabisa.
Hukaa juu kimya, kama karani wa mizani,
na bila yeye hujui mali ni ya nani.

Nikawaambia, sijui kama walinisikia:
Kiswahili hulitazama gunia.
Gunia la, magunia ya, kikapu cha, mkorosho wa.
Mali ndiyo inayoamrisha;
mwenyewe awe mmoja, awe ukoo mzima, mamoja.
Kiingereza hakina habari na gunia.
Humgeukia mwenyewe, kikamuuliza:
mko wangapi?

Na women je?
Hilo ni neno lisilosubiri s ili liwe wengi,
limegeuka tumboni, herufi moja,
kama binti aliyetoka unyagoni.
Hapo ritifaa hurudi kabla ya s: women's.
Msiniulize kwa nini mpaka tumalize zoezi.

Sentensi tano za kwenu wenyewe, nikasema.
Somoe Nangomwa akaandika: my mothers' trees.
Nikachora mkasi mwekundu juu yake.
"Una mama mmoja, Somoe. Rudisha ritifaa ndani."

Hakubisha. Alihesabu,
kwa vile vidole vilivyobabuka.
"Mama mkubwa, yuko Luagala.
Mama aliyenizaa.
Mama mdogo, mguu wake mbovu
lakini ndiye anayepuliza salfa.
Mikorosho kumi na saba. Bibi hakuigawa.
Mwaka jana mjomba alipeleka mzigo kwa jina lake,
wakaenda wote watatu chama cha msingi,
wakasimama mbele ya mizani, hawasemi kitu,
mpaka karani akafuta."

Yule wa nyuma alikuwa ameamka.

Wino mwekundu si chaki.
Nilijaribu kwa mate, kwa ncha ya wembe,
karatasi ikatoboka pembeni mwa m.
Basi nikapiga vema juu ya kosa,
yakabaki yote mawili, yamelaliana,
na mkaguzi akija nitamweleza akinielewa.

Mimi mwenyewe nina mama wadogo wawili Nanganga
ambao sijawapigia simu tangu Idi.
Miaka yote hii nimekuwa nikiandika, kwenye kila fomu,
jina la mama: mstari mmoja,
na mstari ulitosha, au nilidhani ulitosha.

Ritifaa yake sikuigusa.
Ilikuwa palepale alipoiweka, nyuma ya s,
nje kidogo ya neno,
kama mtu wa tatu kwenye foleni ya mizani,
mguu mmoja ameuegemeza,
ameshika gunia lao.