Namba Saba

Mwaka jana klabu iliposhindwa kunilipa
mashati thelathini na mawili ya wahudumu,
katibu alinipa kadi badala ya pesa:
mwanachama, miezi kumi na miwili.
Basi mimi, Fundi Shebwana wa Barani,
nikawa mcheza gofu.

Fimbo nilizinunua mnadani kule Casuarina,
mali ya Mtaliano aliyehama na madeni yake:
mfuko wa ngozi unaonuka kuvu na tumbaku,
na ndani yake fimbo tisa.
Nilizipangusa kwa mafuta ya cherehani.
Miezi mitatu hatukukosana.
Nilipiga bila kujua ninapigaje,
na mpira ulikwenda kama mtoto aliyetumwa dukani,
ukichelewa kidogo, lakini ukifika.

Kosa langu, nilitaka kujua.
Mwalimu akanishika kiwiko, akanishika kiuno,
akasema gumba lishuke, goti lilegee,
kichwa kisiinuke, pumzi isiwahi.
Nikarudi nyumbani na orodha
kama mtu aliyeagizwa sokoni,
na kesho yake, shimo la nne,
penye mikoche miwili na tumbili wezi,
namba saba ikanisaliti.
Haikukosa tu. Ilikwaruza ardhi,
ikang'oa pande la nyasi kubwa kama chapati,
na mpira ukasogea hatua mbili
ukatulia, kama unaniuliza: vipi?

Tangu siku hiyo naishika
kama mtu ashikaye mkono wa shemeji aliyewahi kumdanganya:
kwa adabu, vidole vimekaza.
Na shaka haikai mahali pamoja.
Ilihamia namba tisa, ikapanda kwa dereva
(dereva gani huyu, kila safari vichakani),
ikashukia pata,
pata ya jina tu, kupata haipati.
Nikazipima zote kwa futi yangu ya kitambaa.
Moja ilikuwa fupi kwa robo inchi.
Nikafurahi, Mungu anisamehe,
kama mtu aliyemkamata mwizi wake.

Ndipo Mwambire, kijana anayenibebea mfuko,
akasema, "Fundi, nijaribu?"
Akavua ndara. Hakupanga goti.
Mpira ukaondoka, kwa namba saba ile ile,
ukapita juu ya mikoche, juu ya kunguru,
ukatua karibu na bendera niliyoishona mwenyewe.
Akanirudishia fimbo kwa mikono miwili,
bila neno,
na kimya chake kikaniuma kuliko methali.

Maana methali naijua.
Miaka ishirini na sita nawaambia wanafunzi wangu:
mchagua jembe si mkulima.
Mkasi wangu una skrubu iliyolegea
tangu enzi za marehemu baba,
unauma upande,
na sijawahi kuutazama ninapokata.
Mkono huenda. Kitambaa hufunguka.
Nani alinifundisha kuuamini?
Sikumbuki kufundishwa.

Jioni ile Chengo akaniita:
"Mwalimu, cherehani inaruka mishono."
Jibu lilikuwa tayari mdomoni,
limechakaa kwa kutumika.
Nikalimeza. Nikavaa miwani,
nikaichomoa sindano, nikaizungusha mbele ya taa.
Imepinda.
Kidogo, kama unywele. Lakini imepinda.
"Kweli," nikamwambia, "kosa si lako,"
naye akanitazama kama nimelewa.

Usiku huu silali.
Namba saba iko nyuma ya mlango
pamoja na ufagio na mwavuli.
Nimeinuka mara mbili kuitazama kwa jicho moja,
toka kichwani hadi mshikoni,
kama nilivyoitazama sindano.
Mara ya kwanza niliiona imenyooka.
Mara ya pili umeme ukakatika.